Mtu wa Bure

Ile sufuri niliiandika mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuhamisha majina ya watu wanaojitolea kutoka kwenye daftari hadi kwenye programu mpya ya kompyuta, na programu hiyo ilikuwa na kisanduku kimoja ambacho haikukubali ukiache kitupu: jumla ya saa ambazo mtu amehudumu. Nikafika kwa Mwalimu. Huyu ni mzee mstaafu ambaye amekuwa akiwatembeza watoto wa shule mle ndani tangu mimi nikiwa darasa la pili. Hata mimi alinitembeza, nikiwa nimevaa sweta ya kuazima. Lakini karatasi ya kuonyesha siku alizofanya kazi haikuwepo. Madaftari ya zamani yaliliwa na mchwa, na haya mapya yeye hakuwa anasaini. "Nisaini kwani naenda wapi?" Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila mara. Basi nikaandika 0, nikabonyeza "hifadhi", nikatoka kwenda kutafuta githeri.

Makumbusho yenyewe nitayaacha bila jina, kwa sababu bado naingia pale na watu ni wale wale. Si yale makubwa ya Nairobi. Ni nyumba ya zamani ya afisa wa kikoloni, vyumba vitano: vibuyu, ngao, taipureta nzito kama jiwe la kusagia, na kigoda cha miguu mitatu ambacho kila mtoto anataka kukikalia. Wafanyakazi wa mshahara ni wanne. Kazi nyingine zote, kupokea wageni, kuzungusha shule, kupangusa vumbi kule stoo, kuandika vibandiko, kupiga picha za mitandaoni, zilikuwa juu yetu sisi wa kujitolea, watu kama 20 hivi.

Na kabla hujaanza kunililia kuhusu teknolojia inavyoua utu, ngoja nikuambie mambo yalivyokuwa bila teknolojia. Yalikuwa noma. Ratiba ilikaa kichwani mwa bosi, na kichwa cha bosi kilikuwa na mapendeleo yake. Mpwa wa mtu fulani alikuja wiki tatu, akapata cheti na barua ya mapendekezo yenye mhuri. Msichana mwingine, ambaye alikuwa akitembea kwa miguu kutoka mtaani ili nauli iwe chakula, alikaa miezi saba bila barua kwa sababu hakuna aliyekumbuka alianza lini. Alipoulizia, aliambiwa, "Wewe si ulikuja juzi tu?" Daftari lilikuwepo, lakini daftari hilo ukurasa wake unaweza kutoa mandazi mafuta. Kwa hivyo programu ilipoletwa mimi nilifurahi kabisa. Unafika langoni, unaskani msimbo wa QR, saa zinaanza kuhesabika. Zamu unachagua kwa simu. Ukifikisha saa 120 cheti kinajitoa chenyewe, bila kumbembeleza mtu. Wenye saa nyingi wanapanda ngazi: Shaba, Fedha, Dhahabu.

Wiki ya pili ikaja shule moja, watoto 60 na walimu watatu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi lake kama kawaida, koti limepigwa pasi, akingoja. Programu ilikuwa imempa zamu hiyo kijana wa ngazi ya Fedha. Mwalimu ana kabambe, haina cha kuskani, kwa hivyo kwa upande wa mashine hakuwa hata amefika. Akauliza kwa upole kuna nini. Kijana naye, kwa nia nzuri, akamfungulia ukurasa wake amwonyeshe. Jina lake. Picha hakuna. Saa 0. Ngazi: Anayeanza.

Mwalimu alicheka. Akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, kumbe ndiyo naanza," akachukua kofia yake. Wiki tano hatukumwona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Ukiniuliza kama niliandika uongo, nitakuambia sikuandika: saa zilizothibitishwa zilikuwa 0. Ukiniuliza kama niliandika ukweli, hapo ulimi unakuwa mzito. Sufuri si sawa na kutojua. Sufuri inasema tumeangalia na hakuna kitu. Mimi nilikuwa sijaangalia. Nilikuwa na njaa na kisanduku kilikuwa kinangoja tarakimu.

Kiswahili chetu kina neno ambalo hunisumbua nikifikiria mambo haya, nalo ni "bure". Kitu cha bure ni kile usicholipia. Lakini pia ni kisichofaa: tulihangaika bure, tulingoja bure. Na ukitaka kumtukana Mkenya hadi akae chini, mwambie yeye ni bure kabisa. Sijui lugha ilifikaje hapo, lakini sisi tunaofanya kazi bila malipo tunaishi katikati ya maana hizo mbili, na mchana mmoja tu mbaya unatosha kukusukuma kutoka ile ya kwanza hadi ile ya pili.

Upande mwingine kuna "kujitolea". Anza na kutoa, nenda kutolea, kisha tia hiyo "ji" katikati. Kinachotolewa hapo siyo saa wala nguvu peke yake. Ni nafsi ya mtu. Aliyechanga shilingi 500 kwenye harambee ametoa pesa. Aliyekuja Jumamosi kusafisha kigoda amejitoa yeye. Ndiyo maana Mwalimu hakuumia kama mtu aliyenyimwa mshahara. Aliumia kama mtu aliyeleta zawadi, akasikia mwenye nyumba akiuliza, "Kwani ulileta kitu?"

Hapa kuna hoja nzito dhidi yangu, nami naiheshimu: kipawa cha kweli hakihesabiwi. Tumelelewa hivyo wengi wetu, kanisani na msikitini, kwamba unapotoa sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyacho mkono wa kulia. Kwa hoja hiyo, kosa ni ile programu yenyewe. Ingetupwa tu, tubaki na asante ya mdomo na chai ya mwisho wa mwaka.

Lakini ukiangalia vizuri, amri hiyo anaambiwa anayetoa. Yeye ndiye asihesabu. Aliyepokea hajaambiwa asahau. Kwa hakika tunamlaumu anayesahau. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Mwalimu ana haki ya kutosaini daftari maisha yake yote, na makumbusho hayana haki ya kutojua alikuwepo. Mambo haya mawili yanakaa pamoja bila shida. Shida inaanza pale unyenyekevu wa mtoaji unapogeuzwa kuwa kisingizio cha uzembe wa mpokeaji, na hapa Kenya kisingizio hicho kimelisha watu wengi sana.

Hesabu hiyo hiyo iliyomdhalilisha Mwalimu ndiyo iliyomwokoa yule msichana wa miezi saba. Mwezi wa kwanza wa programu, dashibodi ilionyesha kwamba anafanya saa 43 kwa wiki. Saa arobaini na tatu! Hiyo si kujitolea, hiyo ni ajira iliyokosa mshahara. Wote tulikuwa tunamwona kila siku na hakuna aliyeona. Ilibidi namba itokee kwenye kioo mbele ya bosi na mgeni wa kamati ndipo watu wakae kimya kidogo. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Kimesema kila mtu, hakikuanza kwa kuuliza nani ana barua ya kuajiriwa. Mwanasheria atakuambia jinsi mahakama zinavyolitafsiri hilo. Mimi nasema tu kwamba bila ile namba, hata swali lisingeulizwa.

Tena tuseme ukweli kuhusu nani anaweza kujitolea. Mwaka 2021 jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, kule Marekani, lilisimamisha mpango wake wa waelekezi wa kujitolea, mpango uliokuwa umedumu tangu 1961. Sababu ilikuwa na uzito: kazi isiyolipwa huwavutia wale wenye muda na pesa za kuishi bila kulipwa, na waelekezi wale wengi walikuwa wanawake wazungu wenye umri mkubwa na uwezo. Jumba likataka waelekezi wa kulipwa, watu wanaofanana na mji wenyewe. Mimi ningepiga kura kuunga mkono wazo hilo. Kisha ukisoma jinsi lilivyotekelezwa unashika kichwa: wale waelekezi waliarifiwa kwa barua pepe, wakapewa uanachama wa bure wa miaka 2. Mtu amesomea kazi hiyo, ameifanya miaka nenda miaka rudi, unamwandikia barua pepe na kumpa tiketi ya kuingia nyumba aliyokuwa akiifungulia wengine.

Kwetu picha imegeuka. Wanaojitolea si matajiri waliochoka kukaa nyumbani, au angalau si wengi. Ni vijana waliomaliza diploma wakasota, wanaotafuta karatasi ya kusema wana uzoefu, pamoja na wazee wachache kama Mwalimu. Kijana anajitolea kwa sababu mlango wa kulipwa umefungwa. Hiyo "ji" yake ina mkono wa mtu mwingine shingoni. Kwa hivyo tunapoongea juu ya kusimamia wanaojitolea kwa njia ya kisasa, swali la kwanza haliwezi kuwa ni programu gani tununue. Mimi ningeuliza kwanza kama kuna mtu pale ambaye angekuwa analipwa kama nchi ingekuwa fiti. Huyo mtoe kwenye orodha ya wanaojitolea. Mtafutie hata nusu ya mshahara, mtafutie nauli na chakula, au umwambie wazi ukomo wa saa zake na aende kutafuta riziki kwingine. Kumwacha akitumaini ni wizi, hata kama unamwita "familia".

Turudi kwenye zile ngazi za Shaba na Fedha, maana nazo zina kisa chao. Baada ya miezi miwili, stoo ya nyuma ilijaa vumbi. Zamani kuna kina mama wawili waliokuwa wakiingia huko kila Alhamisi na brashi laini, wanapiga stori, wanasafisha vibuyu kimoja kimoja. Programu iliwapa pointi sawa na za kusimama langoni, na langoni kuna kiti, jua na wageni wa kuongea nao. Mmoja wao aliniambia, "Zamani nilikuwa naona naisaidia hii nyumba. Sasa naona kama nafanya kazi ya pointi kidogo." Alihamia langoni. Simlaumu.

Kuna utafiti maarufu uliofanywa katika vituo vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli, na kuchapishwa na Uri Gneezy na Aldo Rustichini mwaka 2000. Wazazi walikuwa wakichelewa kuchukua watoto, basi vituo 6 kati ya 10 vikaweka faini ndogo. Kuchelewa kukaongezeka, karibu mara mbili. Faini ilikuwa imegeuka bei: nimelipa, sina deni na mwalimu. Faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudia tabia yao ya zamani. Nikisoma hayo nawaona wale kina mama wawili. Kile kilichokuwa kati yao na vibuyu kilipewa bei, tena bei ya chini, na sasa hata tukifuta pointi sina hakika kama watarudi na brashi zao. Ngazi zile ningezifuta hata hivyo. Kuhesabu saa ili nijue nani anadaiwa shukrani, nani ananyonywa, hilo naliunga mkono. Kupanga watu kwa medali ili washindane kutoa, hapo tumekuwa watu wa soko na hatujui hata tunauza nini.

Programu hiyo pia ilitaka namba ya kitambulisho, picha ya uso na mahali ulipo kila unapoingia. Nilipouliza za nini, niliambiwa "ni mfumo tu". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na sheria hiyo haisemi kwamba anayefanya kazi bila malipo hana faragha. Unayemchukulia habari zake unapaswa kumwambia sababu. Napita haraka hapo kwa sababu jibu ni rahisi: usichukue usichokihitaji.

Kilichonisumbua zaidi nilikigundua bila kutafuta, siku niliyotumwa stoo kuleta rejista ya vitu. Kama hujawahi kuiona rejista ya makumbusho, ni kitabu kinachonyenyekeza. Kila kitu kilichoingia kina namba yake. Kina tarehe, mahali kilipotoka, jina la aliyekitoa, hali yake siku ile: "kimepasuka ukingoni, kamba mpya". Kwa kawaida mtoaji hutia sahihi kwamba ametoa kwa hiari, na jumba nalo linabeba wajibu wa kukitunza. Watu wa fani hii hawachezi na mambo hayo. Kule Nairobi yale mabaki ya mvulana wa Turkana yanajulikana kama KNM-WT 15000: Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Turkana Magharibi, na namba. Tunajua pia kwamba kipande cha kwanza kilionwa na Kamoya Kimeu, Agosti 1984, kule Nariokotome. Tunajua kwa sababu kuna mtu aliandika.

Sasa katika rejista yetu, ukurasa baada ya ukurasa, niliona maneno haya: "Mtoaji: hajulikani." Kibuyu fulani, mtoaji hajulikani. Mkuki, mahali haijulikani, mwaka haujulikani. Na hakuna hata kimoja kilichotupwa. Hakuna aliyekiandikia kibuyu kwamba umri wake ni 0 kwa kuwa karatasi zake zililiwa na mchwa. Wanakiweka kwenye kitambaa, wanaandika wanachokijua, wanaacha nafasi kwa kile wasichokijua, na siku mtu akija na habari wanaongeza kwa kalamu.

Nilikaa chini kwenye kreti la soda. Nyumba hii inajua kabisa jinsi ya kupokea zawadi ambayo historia yake imepotea. Inajua tangu zamani. Haikuhitaji programu kutoka nje kufundishwa heshima. Ilihitaji kumtendea Mwalimu kama inavyotendea kibuyu. Na aliyekuwa na kalamu siku ile ni mimi, kwa hivyo siwezi kujificha nyuma ya neno "mfumo".

Jumapili iliyofuata nilimwendea kwake na daftari jipya. Nilisalimia, nikaomba msamaha kabla hata ya kukaa, maana chai ingenikwama. Akasema, "Hiyo imeisha, mwanangu, kunywa chai." Nilimwomba anikumbushe alianza mwaka gani ili nihesabu. Hakutaka hesabu. Akaanza kunitajia shule: ile iliyokuja ikanyeshewa na mvua hadi watoto wakalala ndani kati ya ngao, ile ya wasioona ambao aliwaacha washike kila kitu, huku bosi wa wakati huo akijifanya hakuona. Nikaandika kurasa sita. Kisha akaniambia, kama jambo dogo, kwamba kibandiko cha kibuyu kirefu cha chumba cha pili kimekosewa. Kimeandikwa ni cha maziwa. Ni cha mbegu. Amekuwa akiwaambia watoto hivyo miaka yote, kwa mdomo, kibandiko kikiwa hapo hapo juu ya kichwa chake.

"Mbona hukutuambia, Mwalimu?"

"Nani aliniuliza?"

Jumatatu nilijaribu kurekebisha ukurasa wake. Kisanduku cha saa kinakubali tarakimu peke yake. Ukiandika "haijulikani" kinakuwa chekundu. Nilimpigia kijana aliyetengeneza programu, akasema inawezekana, ni kazi ya siku moja, shilingi 6,000. Bosi amesema tungoje Julai, bajeti mpya ikitoka. Zile kurasa sita nimezibandika ndani ya jalada la rejista ya vitu, mahali ambapo pengine hazikufaa kuwekwa, na hakuna aliyeniambia nizitoe.

Mwalimu amerudi. Anakuja Alhamisi, haskani, hasaini. Kwenye kioo bado ni 0, Anayeanza. Kibandiko cha kibuyu tulikibadilisha wiki hiyo hiyo. Karatasi na gundi vilikuwepo. Alhamisi ya kwanza alisimama mbele yake muda mrefu, akavaa miwani, akasoma, halafu akaniita akanionyesha kwamba nimeandika "mbengu".